Louisiana: Jimbo la Marekani Lililojengwa kwa Jasho la Waafrika, Sasa Linamezwa na Bahari

Watu wengi wakisikia jina Louisiana wanakumbuka vitu vitatu: muziki wa jazz, sherehe za Mardi Gras na kimbunga Katrina. Vyote ni kweli, lakini hadithi ya jimbo hili la kusini mwa Marekani ni ndefu kuliko hapo.

Hapa ndipo mahali ambapo Mfaransa, Mhispania, mwenyeji wa asili na Mwafrika walikutana, wengine kwa hiari yao na wengine kwa minyororo. Cha kushangaza ni kwamba karibu kila kitu kinachowavuta watalii huko leo, kuanzia muziki hadi chakula, kina mkono wa wale walioletwa kwa minyororo.

Twende pamoja hatua kwa hatua.

Louisiana kwa haraka

- Mji mkuu: Baton Rouge
- Mji mkubwa zaidi: New Orleans
- Lilijiunga na Marekani: 30 Aprili 1812, likiwa jimbo la 18
- Idadi ya watu: 4,657,757 (sensa ya mwaka 2020)
- Majirani: Texas upande wa magharibi, Arkansas kaskazini, Mississippi mashariki, na Ghuba ya Mexico kusini
- Jina la utani: Jimbo la Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo

Kitu kingine cha pekee: majimbo mengi ya Marekani yamegawanywa katika kaunti. Louisiana haina kaunti, ina parokia 64. Ni urithi wa enzi za utawala wa kigeni, ambapo mipaka ya Kanisa Katoliki ndiyo ilitumika kugawa maeneo. Hata sheria zake za madai na mikataba zimetokana na mapokeo ya Ufaransa na Hispania, tofauti na majimbo mengine yanayofuata mfumo wa Kiingereza.

Jina limetoka wapi?

Mwaka 1682 mvumbuzi Mfaransa La Salle alishuka na Mto Mississippi hadi baharini. Akasimama hapo akatangaza kwamba bonde lote la mto huo ni mali ya mfalme wake, Louis wa 14. Ndiyo maana likaitwa Louisiana, yaani nchi ya Louis.

Wenyeji kama Wachoctaw, Wachitimacha, Wahouma na Wanatchez walikuwa wakiishi hapo tangu enzi na enzi. Hakuna aliyewauliza.

Mji wa Natchitoches ulianzishwa mwaka 1714, na New Orleans mwaka 1718. Baadaye Ufaransa iliikabidhi Louisiana kwa Hispania, halafu Hispania ikairudisha kwa Ufaransa. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba mtaa maarufu wa French Quarter, yaani mtaa wa Wafaransa, una majengo mengi ya mtindo wa Kihispania. Mioto mikubwa ya mwaka 1788 na 1794 iliteketeza sehemu kubwa ya mji, na waliokuwa wakitawala wakati wa kujenga upya ni Wahispania.

Ardhi iliyouzwa kwa dola milioni 15

Mwaka 1803 Napoleon aliiuzia Marekani eneo lote la Louisiana kwa dola milioni 15. Hapa tusichanganye: eneo hilo halikuwa jimbo la leo tu. Lilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima, na baadaye lilikatwa katika majimbo mengi.

Kwa nini Napoleon aliuza bei ya kutupa? Sababu kubwa ni Haiti. Watumwa wa kisiwa kile waliasi na kulishinda jeshi lake. Bila Haiti na sukari yake, Louisiana haikuwa na maana kubwa kwake tena, na alihitaji fedha za kupigana na Uingereza.

Kwa maneno mengine, Marekani ilipata eneo lililoongeza ukubwa wake karibu mara mbili kwa sababu watu weusi wa Haiti walikataa utumwa. Wengi hawafundishwi hivyo.

Waafrika walifikaje?

Meli za kwanza zilizobeba watumwa moja kwa moja kutoka Afrika zilifika Louisiana mwaka 1719. Wengi wa waliokuja katika miaka ya mwanzo walitoka Senegambia, ukanda wa Senegal na Gambia za leo. Baadaye wakaja wengi kutoka eneo la Kongo na Angola.

Hawakuchukuliwa kwa nguvu za mikono tu. Wafaransa walitaka watu wanaojua kulima mpunga, na manahodha waliagizwa wanunue mbegu na watu wenye ujuzi huo. Mpunga uliowaokoa walowezi na njaa ulilimwa kwa ujuzi wa Kiafrika.

Kisha ikaja miwa. Mwaka 1795 Étienne de Boré alifanikiwa kutengeneza sukari ya chenga kwa faida, na kando ya Mto Mississippi kukazuka mashamba makubwa na majumba ya kifahari. Kazi ya miwa ilikuwa ya kuua. Wakati wa mavuno vinu vilisaga usiku na mchana, na watu walikatika mikono au kuungua kwenye masufuria ya sukari.

Januari 1811 mamia ya watumwa wakiongozwa na Charles Deslondes waliandamana kuelekea New Orleans wakiwa na mapanga na silaha chache. Ni uasi mkubwa kuliko wote wa watumwa katika historia ya Marekani. Ulizimwa baada ya siku chache, na vichwa vya waliouawa vilitundikwa kwenye miti kando ya mto ili kuwatisha wengine.

Kufikia mwaka 1860 Louisiana ilikuwa na watumwa zaidi ya 330,000, karibu nusu ya watu wote wa jimbo.

Unaikumbuka filamu ya Lupita?

Kama uliwahi kutazama 12 Years a Slave, basi umeshaiona Louisiana. Filamu hiyo inatokana na kisa cha kweli cha Solomon Northup, mtu huru kutoka New York aliyetekwa mwaka 1841, akauzwa na kufanyishwa kazi katika mashamba ya Louisiana mpaka alipopata uhuru wake tena mwaka 1853.

Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza kama Patsey, mwanamke mtumwa aliyeishi kweli kwenye shamba moja na Northup. Nafasi hiyo ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar mwaka 2014. Picha zenyewe zilipigwa huko huko Louisiana.

Northup alipona. Patsey alibaki shambani.

Congo Square: ngoma za Jumapili

Sheria za Wafaransa ziliwapa watumwa Jumapili ya kupumzika. Siku hiyo Waafrika wa New Orleans walikusanyika kuuza bidhaa zao, kupiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 jiji likaamua mikusanyiko hiyo ifanyike sehemu moja tu iliyopangwa. Sehemu hiyo ndiyo ikaja kuitwa Congo Square.

Hilo si jambo dogo. Sehemu nyingi za kusini mwa Marekani ngoma zilipigwa marufuku, kwa kuwa mabwana waliogopa zinatumika kupelekeana ujumbe wa uasi. New Orleans zikaendelea kulia hadharani. Mchoraji ramani za majengo Benjamin Latrobe alipita hapo mwaka 1819, akachora ngoma na ala za nyuzi alizoziona.

Miaka mingi baadaye mapigo yale yalikutana na tarumbeta za bendi za kijeshi, nyimbo za kanisani na bluzi za mashambani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikazaliwa kitu kipya: jazz. Buddy Bolden, Jelly Roll Morton na Louis Armstrong wote ni wa mji huu. Armstrong alizaliwa mwaka 1901 katika familia masikini kabisa, na leo uwanja wa ndege wa New Orleans una jina lake.

Ukijiuliza kwa nini bendi zetu za zamani zilijiita Morogoro Jazz, Western Jazz au OK Jazz ya Franco kule Kinshasa, jibu linaanzia huku. Muziki wao ulikuwa dansi na rumba, lakini jina lilikuwa limeshazunguka dunia.

Mazishi yenye kucheza

New Orleans ina desturi inayowashangaza wageni. Mtu akifariki, hasa mwanamuziki, bendi ya tarumbeta inasindikiza jeneza kwa nyimbo za taratibu za huzuni. Mwili ukishaagwa, mambo yanabadilika. Bendi inalipuka kwa nyimbo za furaha, na watu wanacheza barabarani wakiwa na miavuli na vitambaa.

Wanaofuata nyuma ya bendi huitwa "mstari wa pili", na mtu yeyote anaruhusiwa kujiunga, hata kama hakumjua marehemu.

Chakula: gumbo ni bamia

Chakula cha Louisiana kinachojulikana zaidi ni gumbo, mchuzi mzito wa kamba, kuku au soseji unaoliwa na wali. Wataalamu wengi wa lugha wanasema neno gumbo limetokana na "ki ngombo", yaani bamia, katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Ndugu kabisa na Kiswahili. Mapishi mengi ya gumbo bado yanatumia bamia kuufanya mchuzi uwe mzito, na mengine yanatumia unga wa majani ya msasafrasi, ujuzi uliotoka kwa Wachoctaw.

Vingine vya kuonja:

- Jambalaya: wali unaopikwa pamoja na nyama, soseji, kamba na viungo kwenye chungu kimoja. Mtu wa Pwani akikiona atasema ni binamu wa pilau.
- Maharage mekundu na wali: ni chakula cha Jumatatu. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na maharage yalichemka yenyewe taratibu wakati mama anafua.
- Kamba wa mtoni: huchemshwa na pilipili, viazi na mahindi, humwagwa juu ya meza na kuliwa kwa mikono.
- Beignet: andazi la mraba lililofunikwa kwa sukari ya unga. Café du Monde imekuwa ikiuza tangu mwaka 1862.

Sosi ya Tabasco unayoiona supamaketi nayo imetoka hapa. Imetengenezwa Avery Island tangu mwaka 1868.

Ukisikia neno Kikajuni, hao ni watu wenye asili ya Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza mashariki mwa Kanada kuanzia mwaka 1755, wakakimbilia vinamasi vya kusini magharibi mwa Louisiana. Wengine bado wanazungumza Kifaransa chao. Majirani zao Wakrioli weusi ndio walioleta zydeco, muziki wa kodiani na ubao wa chuma wa kukwaruza. Mfalme wake alikuwa Clifton Chenier.

Mardi Gras si fujo tu

Mardi Gras ni Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, siku ya kula na kufurahi kabla ya Kwaresima. Magari yaliyopambwa hupita mitaani na watu waliovaa vinyago hurusha shanga za rangi ya zambarau, kijani na dhahabu.

Watu weusi walipozuiwa kuingia kwenye vilabu vya wazungu, waliunda vya kwao. Maarufu zaidi ni Zulu, ambacho chenyewe hutoa nazi zilizopakwa rangi. Kupata nazi ya Zulu ni bahati kubwa. Louis Armstrong mwenyewe alikuwa mfalme wa Zulu mwaka 1949.

Wapo pia wanaoitwa Wahindi wa Mardi Gras. Ni watu weusi wanaoshona kwa mkono mavazi makubwa ya shanga na manyoya, kazi inayochukua karibu mwaka mzima. Wanasema ni heshima kwa wenyeji wa asili waliowaficha watumwa waliotoroka.

Mapambano ya haki

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865, watu weusi wa Louisiana walipata haki kwa muda mfupi. P.B.S. Pinchback alikaimu ugavana kwa wiki chache kuanzia Desemba 1872, akawa gavana wa kwanza mweusi katika historia ya Marekani.

Furaha haikudumu. Mwaka 1890 jimbo lilipitisha sheria ya kutenganisha mabehewa ya treni kwa rangi. Mwaka 1892 fundi viatu wa New Orleans, Homer Plessy, alikaa kwa makusudi kwenye behewa la wazungu akakamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 ikaamuliwa kwamba kutenganisha watu ni halali mradi huduma ziwe sawa. Hazikuwa sawa kamwe. Uamuzi ule ulihalalisha ubaguzi kwa zaidi ya nusu karne.

Plessy alipewa msamaha rasmi na gavana Januari 2022, karibu miaka 130 baada ya kukamatwa.

Mgomo wa mabasi wa Baton Rouge wa Juni 1953 ulitangulia ule maarufu wa Montgomery uliomtoa Martin Luther King. Na tarehe 14 Novemba 1960 mtoto wa miaka 6, Ruby Bridges, alipelekwa shule ya wazungu New Orleans akilindwa na maofisa wa serikali kuu huku umati ukimzomea. Wazazi wazungu waliwaondoa watoto wao, akasoma mwaka mzima peke yake na mwalimu mmoja.

Kuna mambo bado yapo. Gereza kuu la jimbo linaitwa Angola, kwa sababu limejengwa kwenye shamba la zamani la watumwa lenye jina hilo. Wafungwa, wengi wao weusi, bado wanalima mashamba yale kwa senti chache kwa saa.

Katrina: siku mji ulipozama

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga. Lakini kilichoizamisha New Orleans si upepo. Kuta na matuta ya kuzuia maji, yaliyojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, yalibomoka. Karibu asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji.

Zaidi ya watu 1,300 walikufa. Wasio na magari, wazee na masikini ndio walioshindwa kuondoka. Maelfu walikwama siku kadhaa kwenye uwanja wa Superdome wakisubiri msaada. Wengi walihamishiwa Houston na kwingineko, na hawakurudi tena. Mwaka 2000 jiji lilikuwa na watu karibu 485,000. Mwaka 2020 walikuwa karibu 384,000.

Serikali imejenga ulinzi mpya kwa zaidi ya dola bilioni 14. Kimbunga Ida kilipofika tarehe ileile, 29 Agosti 2021, matuta ya jiji yalihimili.

Ardhi inayoondoka

Nje ya matuta hali ni tofauti. Tangu miaka ya 1930 Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za pwani, kama visiwa vitatu vya ukubwa wa Unguja.

Sababu ziko nne, na zinasaidiana:

1. Mto Mississippi ndio uliojenga ardhi hii kwa kumwaga tope kila mafuriko. Ulipozungushiwa matuta, tope linaishia baharini.
2. Makampuni ya mafuta na gesi yalichimba mifereji mirefu kwenye vinamasi, na maji ya chumvi yakaingia na kuua mimea.
3. Ardhi laini inadidimia yenyewe.
4. Kina cha bahari kinapanda kwa sababu ya joto la dunia.

Wataalamu wa jiolojia wa serikali walikadiria kwamba kwa kasi ya miaka ya 2010 hadi 2016, ardhi yenye ukubwa wa uwanja mmoja wa mpira wa Kimarekani hupotea kila dakika 100. Yaani mechi moja ya soka na mapumziko yake haijaisha, uwanja umeshakwenda.

Kisiwa cha Isle de Jean Charles, makazi ya Wachoctaw, kimepoteza asilimia 98 ya ardhi yake tangu mwaka 1955. Serikali ilitoa dola milioni 48 kuwahamishia wakazi bara, na mwaka 2022 familia zikaanza kuingia nyumba mpya. Nyumba wamepata. Makaburi ya wazee wao yamebaki kule.

Sehemu za kutembelea

- Whitney Plantation: shamba la zamani la miwa lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2014. Linasimulia maisha ya watumwa, sio ya mabwana, na majina yao yameandikwa kwenye kuta.
- Oak Alley: jumba lenye mialoni 28 mikubwa iliyopangwa mistari miwili.
- French Quarter na Preservation Hall: jazz ya asili kila usiku.
- Congo Square: iko ndani ya bustani ya Louis Armstrong, mtaa wa Tremé.
- Makaburi ya St. Louis namba 1: ya mwaka 1789, yamejengwa juu ya ardhi. Plessy amezikwa hapa. Unaingia na mwongozaji tu.
- Bonde la Atchafalaya: kinamasi kikubwa cha mto, unapanda boti kuona mamba na ndege.
- Bunge la Baton Rouge: ghorofa 34, refu kuliko mabunge yote ya majimbo. Gavana wa zamani Huey Long, aliyelijenga, alipigwa risasi humo humo mwaka 1935.
- Poverty Point: matuta ya udongo yaliyojengwa na wenyeji zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ni urithi wa dunia wa UNESCO.
- Daraja la Ziwa Pontchartrain: urefu wa karibu kilomita 38 juu ya maji.

Kabla hujakata tiketi

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Marekani, kwa hiyo anza mapema. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja hadi New York, halafu unaunganisha kwenda New Orleans.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kiangazi joto na unyevu vinachosha. Februari hadi Mei ni wakati mzuri: unaweza kuwahi Mardi Gras, au tamasha la jazz linalofanyika mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Vyumba hupanda bei sana siku hizo.

Ushauri wa mwisho: ukifika, nenda Whitney kwanza, ndipo uende kucheza muziki Bourbon Street. Ukishaona walikotoka wale waliouanzisha, utausikia muziki ule kwa sikio lingine.